Jinsi ya Kuanzisha Kituo cha Malezi ya Awali Mtaani Tanga

Wengi wanaotaka kufungua kituo cha watoto wadogo katika Jiji la Tanga huanza kwa kutafuta nyumba, viti vidogo na mchoraji wa herufi ukutani. Ninashauri kazi ianzie kwenye kaya. Mtoto wa miaka mitatu aliyeamka na njaa, mwenye minyoo, au ambaye mama yake ameondoka alfajiri kwenda sokoni bila kumpata mtu wa kuaminika wa kumwachia, hanufaiki na somo lolote hata mwalimu awe hodari kiasi gani. Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto wa hadi miaka 8, inaziweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kutambua anachohitaji mtoto na kumjibu kwa upendo), ujifunzaji wa awali na ulinzi.

Kabla ya kupokea mtoto yeyote, jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Muulize mapema kuhusu choo, maji na uzio, ili usilipe kodi ya nyumba isiyofaa.

Siku ya kuandikisha, kaa na mzazi kwa utulivu na umfungulie mtoto daftari lake. Omba kadi ya kliniki, unakili yaliyomo, kisha umrudishie mwenyewe palepale. Angalia hasa chanjo ya surua na rubela, ambayo hutolewa katika umri wa miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya pili husahaulika kwa urahisi. Andika pia tarehe za matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambazo hutolewa kila baada ya miezi sita, na upatane na zahanati iliyo karibu jinsi watoto wako watakavyofikiwa. Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akufundishe kupima mzunguko wa mkono kwa utepe. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano, kipimo kilicho chini ya sentimita 12.5 kinahitaji rufaa ya zahanati, na kilicho chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali usiosubiri kesho.

Chakula ndicho kitakachokupa kazi kubwa zaidi. Pwani yetu ina samaki, nazi, kunde na mchicha, lakini mtoto anaweza kushinda na chai ya rangi na kipande cha muhogo tu. Kubalianeni na wazazi wachangie unga, na wasio na fedha walete kuni au wasaidie kupika. Uji wa unga wa dona urutubishwe kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto mdogo, na zenye ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo. Kibuyu chirizi, yaani chombo kilichoning'inizwa kinachotiririsha maji ya kunawia mikono, na sabuni viwe karibu na choo na karibu na jiko.

Katika kujifunza, mchezo ndio somo. Vifuu, makombe ya baharini, visoda na mchanga vinatosha kuhesabia, kupanga na kulinganisha, na bibi wa mtaani anayejua hadithi na vitendawili atakuza lugha ya mtoto kuliko kukariri herufi ubaoni. Kwa darasa la awali, uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Walio wadogo zaidi wawe wachache kuliko hapo. Watoto wengi huenda chuoni (madrasa) alasiri, kwa hiyo shauriana na ustadhi ili wapate muda wa kupumzika katikati.

Mikutano ya wazazi ipangwe kwa kuzingatia kazi zao. Wavuvi wanapokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, hawatafika, na akina baba wasipoalikwa kwa wakati wanaoweza kuja, malezi yote yataonekana kuwa ya mama na bibi peke yao. Andika majina ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Ukiona dalili za ukatili, mjulishe afisa ustawi wa jamii au piga simu namba 116, ambayo ni bure. Usiliache jambo hilo limalizwe kimyakimya na jamaa.

Mtoto anapofikia mwaka wa elimu ya awali, ambao Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya wa lazima, mpeleke shuleni pamoja na mzazi wake na umsomee mwalimu daftari lile: chanjo alizopata, chakula kinachomdhuru, michezo anayoipenda, na mtu wa kupigiwa simu akiugua.