"Picha: Mtandao" ndio nani? Namna ya kushea kazi ya mwenzako

Jamani hii "Picha: Mtandao" mnayoandika kila siku ni nani huyo? Mtandao hauna kamera. Kuna mtu kadamka alfajiri kaenda Feri, soko la samaki Dar, kapiga ile picha ya wavuvi wanashusha samaki, wewe umekutana nayo huko ikakuvutia ukaiweka kwenye ukurasa wako, afu ukaandika mtandao, au ile nyingine ya "haki zote kwa mwenyewe", mwenyewe nani sasa? Kumtaja mtu maana yake anayesoma aweze kumfikia, basi.

Kwa hiyo andika jina analolitumia yeye, akaunti yake na iko wapi, na kama umeigusa kazi yake sema. Hivi:

Picha: @akaunti_yake, Instagram. Nimekata pembeni.

Mstari mmoja tu huo. Uweke mwanzoni mwa kapsheni, sio kuusokomeza chini ya hashtegi kibao au kwenye komenti ambayo baada ya saa moja ishafunikwa. Na kutagi juu ya picha peke yake hakutoshi, maana ukiwatagi na waliomo pichani msomaji hajui yupi mpigaji yupi mpigwaji.

Kama humjui mwenyewe mtafute, iweke picha kwenye Google Lens au TinEye, hizi zinakutafutia wapi picha hiyo imewahi kuwekwa, na hii TinEye ukichagua "Oldest" inakupangia kuanzia matokeo ya zamani kabisa na hapo ndo pazuri, kwa sababu akaunti inayotokea juu mara nyingi nayo iliokota tu. Angalia yenye tarehe ya nyuma na ambayo picha haijakatwa. Video piga skrinshoti ya sehemu moja inayoonekana vizuri utafute kwa hiyo. Ukikosa kabisa, mimi nasema iache, picha zipo nyingi.

Sasa twende kwenye magrupu ya WhatsApp, huku ndo kuna balaa lenyewe, hasa mashairi. Washairi wetu wengi toka enzi za magazeti jina wanaliweka ubeti wa mwisho, kaditama, lakabu yake na mji anakotoka, afu mtu anakopi beti nne zilizomgusa anaacha huo wa tano kwa sababu "ni jina tu", na kuanzia hapo shairi linazunguka yatima, kesho linasomwa harusini kama la MC. Ukichukua beti mbili chukua na jina uliandike chini. Ile alama ya kwamba ujumbe umesambazwa ambayo WhatsApp waliileta 2018 haikusaidii, inasema tu umesambazwa, haisemi wa nani, na ukikopi na kupesti hata yenyewe inapotea.

Video za wachekeshaji tuma linki, usiidownlodi ukaipandisha upya. YouTube kwa video za kawaida wanataka mtu awe na wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo aanze kupata mgao wa matangazo, na masaa hayo hayahesabiwi kwenye grupu lenu la ukoo. Instagram ukitaka kuweka posti ya mtu kwenye stori tumia kile kidege cha karatasi, jina lake linabaki na mtu akigusa anafika kwake.

Halafu kutaja sio ruhusa, watu wanachanganya sana hapa. Ukitaka picha ya mtu kwa bango la biashara yako, kumtaja hakukuokoi. Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya wana yao ya 2001, na haki inaanza pale kazi inapotengenezwa, haisubiri mtu akasajili COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kule anajitafutia ushahidi. Muombe tu, wala sio kazi:

"Habari kaka, naomba kutumia picha yako ya jahazi kwenye bango la duka langu, jina lako litakuwepo. Kama kuna malipo niambie."

Akikaa kimya, kimya sio ndio. Zenye alama ya CC BY, yaani leseni ya Creative Commons, tayari zina ruhusa ukimtaja mwenyewe na kuweka linki ya leseni, ila ukiona NC usitie kwenye biashara, na ND usisambaze ukiwa umeibadilisha. Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha huru mtandaoni, zimejaa za CC BY, na za huku kwetu zipo.

Picha za ajali na msiba mimi sizisogelei hata aliyepiga akiwa anajulikana, ndugu wa marehemu hawajaombwa.

Ushaposti bila jina? Instagram na Facebook unahariri kapsheni muda wowote. WhatsApp wanakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe wa maandishi, zikipita jibu ujumbe wako mwenyewe uandike jina hapo chini, na kama mwenye kazi kakuinboksi anataka uitoe, itoe kwanza, maelezo yatafuata.