Kurusha redio ndogo mtandaoni: anza na waya, programu baadaye

Juzi nilikaa na vijana wa redio moja ya mtaani Nyalenda, Kisumu, wanaotangaza kwa Dholuo. Wasikilizaji wao walioko Qatar na Saudia walikuwa wakisikia mngurumo mtupu. Hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Kodi seva yenye Icecast, programu inayowagawia wasikilizaji sauti mtandaoni. Usiwahudumie wasikilizaji kutoka kompyuta ya studio. Kwa kbps 64 (kilobiti 64 za sauti kila sekunde), msikilizaji mmoja hula karibu MB 29 kwa saa, na mia moja hula karibu GB 3. Mzigo huo ubebwe na seva. Studio itume mkondo (stream) mmoja tu.

2. Pakua BUTT, programu ya kutuma sauti ya studio kwenye seva. Ni ya bure na nyepesi. Watakaokuambia utumie OBS wamezoea video.

3. Toa sauti kwenye miksa, mashine ya kuchanganya sauti za studio. Hapa ndipo kazi ilipo. Usichomeke miksa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta: tundu hilo linangoja sauti hafifu, na miksa inatoa nzito, kwa hiyo itakwaruza hata ukipunguza. Nunua kadi ya sauti ya USB. Mimi napenda Behringer UCA202, haina mbwembwe. Windows huenda ikaiorodhesha kama maikrofoni. Isikushtue, ichague hivyo hivyo ndani ya BUTT. Mishale ya sauti isipocheza kabisa, angalia kwenye mipangilio ya faragha kama programu zimeruhusiwa kutumia maikrofoni. Ikicheza lakini mngurumo upo, chomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukinyamaza, tatizo ni athi (earth, waya wa ardhini): weka kisanduku cha transfoma ya kutenganisha sauti kati ya miksa na kadi. Fundi akikushauri ukate pini ya athi, mkatalie. Hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme. Kisha punguza sauti hadi mtangazaji akicheka kwa nguvu mishale isiguse nyekundu.

4. Jaza anwani ya seva, poti (mara nyingi 8000), jina la mkondo na neno la siri. Jina la mtumiaji kwa kawaida ni source. Chagua MP3, mono, kbps 64. Kwa mazungumzo yatosha.

5. Jaribu kwa simu yenye bando, si Wi-Fi ya studio. Sauti itachelewa sekunde kadhaa, ni kawaida. Ikikatika kila stima zikipotea, weka ruta kwenye UPS (betri ya akiba) kabla ya kuilaumu seva.