Kabla hujaanza dawa za VVU, tafuta kwanza mtu wako

Hapa Tanzania, tangu 2016 hakuna tena kusubiri CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke. Ukikutwa na virusi unaanzishiwa dawa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo. Kwa hiyo haya yapange haraka.

Namba ya simu unayoandikisha CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, iwe inapatikana. Saa ya kumeza iwe ile ambayo kila siku upo nyumbani. Kama unatumia dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, mwambie mhudumu, maana vinaweza kuzuia dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, isifyonzwe vizuri.

Halafu msaidizi wa dawa, yule mtu wako wa kukukumbusha na kukusaidia kumeza. Hapa tulia. Ukiulizwa jina, usitaje tu aliye karibu. Dada mmoja wa kikundi chetu alimtaja wifi yake kwa kuwa walikaa nyumba moja. Wakaja kugombana juu ya hela ya luku, na siri ikamwagwa uani, wapangaji wote wakisikia. Tangu hapo kopo la dawa likahamia kwenye mfuko wa unga, limeshindiliwa pamba lisilie likiguswa. Watu wakichelewa kulala, hamezi. Mwishowe kliniki akaacha kabisa, anaona aibu hata kupita njia ile. Tulipomfuata alikuwa amekonda, anakohoa. Kifua kikuu kilishaingia. Amerudi kwenye dawa na yuko hai, lakini yale mateso hayakuwa ya lazima.

Chagua mtu ambaye uliwahi kumpa siri ndogo ikakaa. Aweze kukufuatia dawa ukiumwa, na akuulize "leo umemeza?" bila kukukaripia. Kama huna mtu, sema huna. Kliniki nyingi zina wahudumu ambao wenyewe wanaishi na VVU, na wilayani kuna konga za WAVIU, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU. Mwenza wako naye apime. Ukihofia kupigwa, usimwambie peke yako, omba mshauri nasaha awepo.

Ukihama, chukua barua ya uhamisho. Ukienda msibani beba vidonge vya ziada, misiba hurefuka. Vidonge vyako usimgawie mtu. Na anayekuambia umepona, acha dawa, awe mganga au mtumishi wa Mungu, usimsikilize. Mwaka 2011 wapo walioacha kwa sababu ya kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba ya Babu iliyosemwa inaponya. Hata kipimo cha wingi wa virusi kikisema havionekani, unaendelea kumeza.