Namna ya Kuuliza Mmea Swali: Majaribio ya Nyumbani Kuhusu Jinsi Mimea Inavyohisi

Mche wa mahindi ukiwekwa dirishani asubuhi, kufikia jioni huwa umeinamia nje, na wenye nyumba husema kwamba mmea unatafuta mwanga. Kauli hiyo inatosha kwa mazungumzo, ila haielezi ni sehemu gani ya mmea iliyouona mwanga, ni sehemu gani iliyopinda, wala habari ilifikaje kutoka ya kwanza hadi ya pili. Mambo hayo yanaweza kuchunguzwa barazani kwa punje chache za mahindi, boksi la viatu na subira ya siku sita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, pamoja na majaribio mengine ninayoyafanya hapa Jinja, Uganda, ambayo humfaa mkulima sawasawa na mwanafunzi.

Mmea hauna misuli. Hujibu kwa kukua, au kwa kuhamisha maji kutoka seli moja hadi nyingine, na kwa sababu hiyo majibu yake mengi huchukua saa au siku. Anayeuliza hana budi kuuliza swali moja kwa wakati mmoja: ukibadilisha mwanga na maji kwa pamoja, mmea utajibu, lakini hutajua umejibu lipi. Kila chombo unachokifanyia jambo kiwe na mwenzake usichokigusa, na kila badiliko uliandike pamoja na tarehe na saa, maana kumbukumbu ya mtu hupenda kuona kile alichokitarajia.

Mwanga: nani anaona na nani anapinda

Chagua punje kumi na mbili za mahindi ambazo hazijapakwa dawa ile ya rangi inayowekwa kwenye mbegu za dukani. Ziloweke usiku mmoja, kisha uzipande katika vikombe vitatu, punje nne kila kikombe, kina cha sentimita moja hivi, na uviweke ndani ya kabati lenye giza totoro. Baada ya siku nne au tano utaona machipukizi ya manjano iliyofifia, kila moja limefunikwa na ala nyembamba iliyochongoka kama sindano ya kushonea magunia. Ala hiyo ndiyo tunayoihitaji. Ikishapasuka na jani la kwanza likatokeza, umechelewa, na ni heri uanze upya.

Machipukizi yakifikia sentimita mbili, kiache kikombe cha kwanza kama kilivyo. Katika kikombe cha pili, kila chipukizi livishe kofia ya karatasi ya alumini yenye urefu wa nusu sentimita. Njia rahisi ni kuizungushia kwanza kwenye kijiti cha kiberiti, kuifinya juu, kisha kuichomoa na kuivisha taratibu. Katika kikombe cha tatu, zungushia ukanda wa karatasi hiyo hiyo sehemu ya chini ya chipukizi, ncha ikibaki wazi. Kazi hii ifanyie gizani kwa tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ya kung'aa, ile ya kufungia zawadi, kwa sababu mwanga mwekundu haulipindishi chipukizi.

Sasa toboa boksi la viatu tundu moja ubavuni, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano, uviingize vikombe vyote vitatu, ufunike, na ulielekeze tundu dirishani mahali ambapo jua lenyewe halipigi. Sharti hilo la mwisho nalisisitiza kwa kuwa jaribio langu la kwanza niliacha boksi kwenye kibaraza cha mabati saa saba mchana, na nilipolifungua machipukizi yalikuwa yamelala kama mchicha uliotoka sufuriani.

Baada ya saa nne hadi sita, fungua. Machipukizi yaliyo wazi yatakuwa yameinamia tundu. Yenye ukanda chini nayo yatakuwa yameinama, ingawa sehemu inayopinda ndiyo uliyoifunika. Yenye kofia yatakuwa wima. Hapa mtu anapaswa kukaa kidogo na kutafakari: sehemu inayoona ni ncha, sehemu inayopinda iko chini yake, na kati ya hizo mbili kuna kitu kinachosafiri. Charles Darwin na mwanawe Francis walifikia hitimisho hilo na kulichapisha mwaka 1880, wakitumia machipukizi ya nyasi. Katika miaka ya 1920 Frits Went, akiwa Uholanzi, alikata ncha za machipukizi ya oti (nafaka iitwayo oats kwa Kiingereza), akaziweka juu ya vipande vya agari, aina ya jeli, kisha akaviweka vipande hivyo upande mmoja wa vishina vilivyokatwa. Vishina vilipinda gizani, bila ncha na bila mwanga. Kitu kilichoshuka kutoka kwenye ncha na kuingia katika agari ni homoni inayoitwa oksini.

Mwanga wa ubavuni huifanya oksini ikusanyike upande wenye kivuli, seli za upande huo hurefuka zaidi, na chipukizi husukumwa kuelekea mwangaza. Kwa hiyo, kama ningeruhusiwa kuisahihisha kauli ya wenye nyumba, ningesema kwamba upande wa giza ndio unaofanya kazi kubwa. Ukitaka kuendelea, rudia jaribio kwa kuziba tundu la boksi moja kwa karatasi nyekundu na la jingine kwa karatasi ya buluu. Mwanga utakaoyapindisha machipukizi ni wa buluu, kwa sababu protini zinazopokea mwanga katika ncha, ziitwazo fototropini, huamshwa na rangi hiyo.

Kivuli kitaluni

Elimu hii huingia moja kwa moja kwenye kitalu cha nyanya. Miche iliyobanana hurefuka haraka, ikawa na shina jembamba kama uzi, na mkulima hudhani imestawi. Ukweli ni kwamba mmea unatambua majirani zake kabla hata hawajauzuia jua. Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kuuachia mwanga mwekundu wa mbali, ambao jicho la binadamu haliuoni vizuri, upite au urudi. Protini nyingine, fitokromu, hupima uwiano wa hizo mbili, na mwekundu ukipungua mmea husoma kwamba umezungukwa, nao hutumia akiba yake kurefuka badala ya kujenga shina na mizizi. Mche unaoota chini ya migomba hufanya hivyo hivyo.

Cha kufanya ni kupunguza miche ingali midogo, kuigeuza trei nusu mzunguko kila siku kama mwanga unatoka upande mmoja, na kuondoa kivuli cha kitalu kidogo kidogo katika siku kumi za mwisho kabla ya kuhamishia shambani. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulicheka hadi walione: ipapase miche ya nyanya kwa ufito laini au kiganja, mara kumi au ishirini, kila siku majani yakiwa makavu. Mmea huhisi mtikiso huo kama upepo, na baada ya wiki mbili miche iliyopapaswa huwa mifupi na yenye shina gumu kuliko wenzake. Usifanye hivyo ukiona ugonjwa wowote kitaluni, kwani mkono wako utausambaza.

Mzizi unajuaje chini ni wapi

Tandika karatasi ya chooni iliyokunjwa mara kadhaa ndani ya chupa pana ya kioo, uiloweshe, na uweke maharage manne kati ya karatasi na kioo ili uyaone. Mizizi ikifikia sentimita mbili, ilaze chupa ubavu na uiweke kabatini, kwa kuwa gizani hakuna mwanga wa kusingiziwa. Kesho yake mizizi itakuwa imekunja kona kuelekea chini na mashina kuelekea juu. Igeuze tena, nayo itakunja tena. Katika chupa moja niliwahi kupata mzizi wenye ngazi tatu.

Kwenye kofia ya mzizi zimo seli zenye chembe nzito za wanga, na chembe hizo huanguka kila mzizi unapogeuzwa, kama mawe ndani ya jerikeni. Mahali zinapotua ndipo chini. Oksini hukusanyika upande wa chini, ila katika mzizi kiasi hicho huzuia seli kurefuka, kinyume cha shina, na ndiyo maana homoni moja hupeleka mzizi chini na shina juu. Ukikata milimita moja ya ncha kwa wembe, mzizi utaendelea kurefuka lakini kwa muda utapoteza mwelekeo. Mwaka 1806 Thomas Andrew Knight wa Uingereza alifunga maharage kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito. Mizizi ilikua kuelekea nje ya gurudumu na mashina kuelekea katikati, kwani kwa mmea nguvu ya kuzungushwa na nguvu ya kuvutwa na dunia ni mamoja.

Mguso

Kifauongo huota kando ya njia nyingi, na kila mtoto ameshakigusa. Kinachofaa kuongezwa ni saa: pima majani yanavyochukua sekunde chache kufunga na dakika nyingi kufunguka. Hapa hakuna kukua, bali msukumo wa umeme hupita shinani na seli zilizo kwenye kiungo cha jani hutoa maji kwa ghafla. Kwenye pasheni, kisugue kikono kichanga upande mmoja kwa kijiti, urudi baada ya saa moja, utakikuta kimeanza kujiviringisha.

Hewa: ndizi na majirani wa ardhini

Chukua bogoya, yaani ndizi tamu za kuliwa mbivu, zikiwa mbichi lakini zimekomaa, kutoka mkungu mmoja, uzigawe katika mifuko miwili ya karatasi, na katika mmoja uongeze ndizi moja iliyoiva. Funga yote na uiweke mahali pamoja. Mfuko wenye mgeni utawahi kuiva, kwa sababu tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na ndizi mbichi zinazoihisi huanza nazo kuitoa. Wanaotengeneza tonto, pombe ya ndizi, wamekuwa wakiitumia gesi hii tangu zamani bila kuitaja, wanapofukia mbidde, ndizi za kutengenezea pombe, shimoni na kuzipitishia moshi, kwani moshi una ethilini. Usitumie kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyofungwa kabisa, maana unyevu na ukosefu wa hewa huozesha. Na gesi hii haiishii kwenye matunda: mwaka 1901 Dimitri Neljubow wa Urusi alionyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikipotosha ukuaji wa miche ya njegere katika maabara yenye taa za gesi. Mboga za majani zikikaa kikapu kimoja na ndizi mbivu, hugeuka manjano mapema.

Chini ya udongo yapo mawasiliano yenye gharama kubwa zaidi. Katika wilaya za mashariki, kama Tororo na Busia, kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mimea mingine, hudumaza mahindi na mtama. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuota, zikingoja kemikali ziitwazo strigolaktoni, ambazo mizizi ya mahindi huzitoa hasa udongo unapokosa fosforasi. Mmea wa mahindi hutoa kemikali hizo ili kuwaita kuvu wanaousaidia kupata chakula. Kiduha husikia mwito usiokuwa wake. Ukitaka kuona, chimba mmea wa mahindi ulioshambuliwa bila kuuvuta, uloweke bonge zima la udongo ndani ya beseni, na usuuze polepole hadi uone mizizi ya kiduha iliyojishikiza kwenye mizizi ya mahindi. Kung'oa kiduha baada ya kutoa maua ya zambarau ni kuchelewa, kwa sababu kimeshakula. Njia yenye mantiki ni kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kujishikiza, zikafa njaa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi na wenzake waliikuza njia hii, wakiongeza majani tembo pembezoni ili kuwavuta nondo wa bua watoke shambani.

Msimu usio na baridi

Vitabu vya nchi za mbali husema mimea hujua msimu kwa kupima urefu wa usiku. Hapa Uganda, ambapo mstari wa ikweta unaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, usiku wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa dakika chache tu, na kwa hiyo mmea unaongoja siku ndefu utangoja bure. Mwenye kununua mbegu za vitunguu aulize kama ni aina ya siku fupi, la sivyo atavuna majani. Mashamba ya krisanthemamu hupambana na tatizo la upande wa pili: ua hilo huchanua usiku ukiwa mrefu, na usiku wetu unalitosha, hivyo mimea mama ya kukatia vipandikizi huwashiwa taa usiku ili ibaki na majani.

Kahawa yetu husoma maji. Vichomozo vya maua huundwa na kulala wakati wa ukame, kisha mvua ya kwanza ya kutosha huviamsha. Mwenye mibuni na atundike kopo lenye mdomo wazi karibu na shamba, aandike siku ambayo mvua ilinyesha baada ya kiangazi, na ahesabu hadi asubuhi atakapokuta matawi yamekuwa meupe na harufu imejaa. Mara nyingi haizidi wiki moja na nusu. Maua hayo hudumu siku chache tu, kwa hiyo mwenye kuhesabu asisafiri.