Somo: Kosa la hesabu usilifute, lisake mstari kwa mstari

Wanafunzi wengi hapa Kisumu humtazama mwalimu akikokotoa ubaoni, wakaitikia kwa kichwa, wakifika nyumbani kalamu haisongi. Hesabu ni ya mkono. Tufanye hivi.

Hatua ya 1: Raba weka kando. Fanya swali moja hadi mwisho bila kuchungulia majibu nyuma ya kitabu, hata ukihisi umepotea.

Hatua ya 2: Sasa lisake kosa. Hapa ndipo penye kazi. Tuseme gorogoro (kopo la kupimia) ya omena, yaani dagaa, pale soko la Kibuye ni shilingi 500. Bei ipande kwa asilimia 20, kisha ishuke kwa asilimia 20. Wengi huandika 500 papo hapo. Kokotoa polepole: asilimia 20 ya 500 ni 100, bei inafika 600. Asilimia 20 ya 600 ni 120, si 100 tena. Inabaki 480. Aliyekosea anajua kuzidisha vizuri tu. Hakujiuliza ni asilimia 20 ya nini. Andika hivyo pembeni, kwa maneno yako. Ukiandika "nilikuwa na haraka" hujaandika kitu.

Hatua ya 3: Siku chache baadaye rudia swali, daftari limefungwa. Halafu ligeuze: bei ishuke kwanza ndipo ipande.

MASWALI YA WANAFUNZI NA WAZAZI

Mwanafunzi, Kondele: Mwalimu, nimeligeuza nikapata 480 tena. Ni bahati?

Jibu: Wala. Kupanda ni kuzidisha kwa 1.2, kushuka ni kuzidisha kwa 0.8. Anza na yoyote, mwishowe umezidisha 500 kwa 0.96, yaani 480. Jaribu na asilimia 30, ila kisia kwanza.

Mzazi, Nyalenda: Daftari la binti yangu limejaa kazi iliyokatwa. Naona aibu mwalimu wake akiliona.

Jibu: Mama, usimwambie anakili daftari upya! Hata kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kuna alama za njia, jawabu la mwisho likikosewa. Akate kosa kwa mstari mmoja, lisomeke.

Mwanafunzi, Ahero: Na nikikwama kabisa?

Jibu: Pambana nalo dakika kumi hivi. Kisha fungua suluhisho, soma mstari wa kwanza pekee, funika, uendelee mwenyewe. Ukikwama tena, funua wa pili.