Mboji ya nyungunyungu: namna ya kuitengeneza nyumbani kwenye joto la Pwani

Nyungunyungu ni mifugo. Anayewachukulia kama pipa la kumwagia taka za jikoni huwapoteza mapema, mara nyingi hata kabla ya kuvuna konzi moja ya mboji. Wanataka unyevu, hewa, kivuli na chakula kidogo kidogo. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, adui wa kwanza ni joto, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanalenga mazingira hayo.

Nyungunyungu wa kufuga

Wale wa kijivu unaowafukua shambani kwa jembe hawafai. Wao huishi ndani ya udongo na kuchimba njia ndefu. Ukiwafungia kwenye maganda ya ndizi watakufa. Wanaotakiwa ni wale wanaoishi juu juu, kwenye takataka zinazooza.

Anayefugwa zaidi duniani ni Eisenia fetida, mwembamba, mwekundu, mwenye mistari ya manjano kwenye pingili. Hustawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 25, hivyo anafaa sana Nairobi, Arusha, Lushoto au Mbeya. Mwingine ni Eudrilus eugeniae, mwenye asili ya Afrika Magharibi: mkubwa zaidi, rangi ya zambarau inayong'aa. Huyu hupenda nyuzi 25 hadi 30 na hudhoofika kwenye baridi. Pwani, ukimpata, anza na huyu. Hata hivyo, joto la ndani ya chombo likikaribia nyuzi 35, wote wawili wako hatarini.

Usipopata wa kununua, fukua chini ya lundo la zamani la samadi ya ng'ombe au chini ya mgomba uliooza. Chukua wekundu wanaojinyonganyonga haraka wakipigwa na mwanga. Nusu kilo inatosha kuanzia. Ukipata pungufu ya hapo, anza hivyo hivyo ila lisha kidogo zaidi.

Chombo

Tafuta chombo kipana kuliko kirefu. Nyungunyungu hawa hula kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, na matandiko yakizidi kina hicho, ya chini hukosa hewa na kunuka. Beseni kubwa au sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 40, lenye kina cha 30, linatosha familia ndogo. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kujifunzia, lakini nafasi yake ya juu ni ndogo.

Toboa matundu 15 hadi 20 kwenye kitako kwa msumari uliopashwa moto, kila moja milimita 5 au 6, na mengine machache pembeni karibu na ukingo. Pandisha chombo juu ya matofali na weka sinia chini ya kupokea maji. Kama una stendi yenye miguu, simamisha kila mguu ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo. Bila hivyo sisimizi watahamia humo, na siafu wakiingia hawabakizi kitu. Funika kwa gunia bichi, kisha waya au kifuniko chenye matundu, maana kuku na panya wote ni walaji wa nyungunyungu.

Chombo kikae kwenye kivuli cha siku nzima. Chini ya bati lililo wazi ni pabaya, hata kama jua halifiki moja kwa moja. Miezi ya Desemba hadi Machi lowesha gunia asubuhi na mchana: maji yanapokauka hupunguza joto.

Matandiko

Chana katoni na magazeti vipande vya upana wa vidole viwili, loweka, kisha kamua. Changanya na majani makavu ya mgomba na samadi ya ng'ombe iliyokaa angalau mwezi. Samadi mbichi hupata moto na kutoa hewa kali inayowaua. Muulize mfugaji kama ng'ombe wamepewa dawa ya minyoo hivi karibuni. Dawa hiyo hutoka na kinyesi na inaweza kuwadhuru. Ongeza konzi mbili za udongo wa bustani, kwani hawana meno na huhitaji chembe za mchanga tumboni ili kusaga chakula.

Pwani makumbi ya nazi ni matandiko mazuri mno, lakini angalia yalikotoka. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutoa usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, yamejaa chumvi. Yasuuze mara kadhaa. Vivyo hivyo usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kwanza.

Jaza theluthi mbili za chombo. Ukikamua konzi ya matandiko yanapaswa kutoka matone mawili matatu, si mchirizi. Subiri siku tatu, ingiza mkono. Kama kuna fukuto, subiri zaidi. Ndipo uwaweke nyungunyungu juu, waingie wenyewe. Usiku wa kwanza acha taa ikiwaka, kwa sababu hukimbia mwanga na watabaki chini.

Kulisha

Wakishazoea, nusu kilo ya nyungunyungu hula takriban robo kilo ya mabaki kwa siku. Wiki mbili za mwanzo wape nusu ya kiasi hicho. Katakata vipande vidogo, fukia pembeni, kila mara kona tofauti, na usiongeze mpaka chakula cha awali kiwe karibu kuisha. Kila ukilisha, ongeza ujazo sawa wa katoni iliyochanwa.

Wape maganda ya ndizi, papai, tikiti na viazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyotwangwa, ambayo pia hupunguza uchachu. Machungwa, ndimu, vitunguu na pilipili viwe kidogo sana au visiwepo. Nyama, utumbo wa samaki, maziwa na viporo vyenye mafuta na chumvi usiweke kabisa. Machicha ya nazi huonekana hayana madhara, lakini yana mafuta: huchacha, hupata moto na kuwafukuza.

Dalili za shida

Harufu ya yai bovu maana yake maji mengi na hewa hakuna. Acha kulisha kwa wiki, fukufua taratibu kwa mkono, ongeza katoni kavu, zibua matundu ya chini. Vijinzi vya matunda hutoka kwenye chakula kilichoachwa wazi. Kifukie na ufunike kwa gazeti bichi. Funza wakubwa wa kijivu, wale wa inzi chuma, hawali nyungunyungu, ila wanaonyesha unalisha kupita kiasi.

Ukiwakuta wamejazana ukutani au kwenye kifuniko, usiwarudishe tu. Pima joto, unyevu na harufu kwanza: wanakimbia kitu.

Kuvuna

Baada ya miezi mitatu hadi minne utaona mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Njia rahisi ni kusogeza yote upande mmoja, kuweka matandiko mapya na chakula upande wa pili, na kusubiri wiki tatu wahamie. Mwenye haraka amwage mboji juu ya turubai kivulini penye mwanga, afanye vichuguu, asubiri dakika 10, akwangue juu, kisha arudie mpaka wabaki wao chini. Vifuko vya mayai, vidogo kama punje ya mtama na vya manjano, virudishe. Huanguliwa baada ya wiki tatu hivi.

Kwenye makopo ya miche changanya sehemu moja ya mboji na nne za udongo. Kwa nyanya au sukuma wiki weka konzi moja kila shimo. Mboji hii haipati moto wa kuua mbegu, kwa hiyo miche ya nyanya, maboga na papai itachipua humo. Ing'oe au ihamishe. Maji yaliyochuruzika kwenye sinia yachanganye na maji mara kumi, mwagia kwenye shina la maua au miti, usinyunyizie mboga zinazoliwa mbichi. Mboji inayobaki iweke kwenye kiroba kisichofungwa kabisa, ikiwa na unyevu kidogo, kivulini.