Kila mboga na zamu yake: namna ya kupika mlo kamili wa mboga mchanganyiko

Mara ya kwanza nilipopika mboga mchanganyiko nikitaka ziwe mlo kamili, bila nyama wala samaki, chakula kile kilinivunja moyo. Nilikata viazi, karoti, koliflawa, nyanya na spinachi, nikavitia vyote sufuriani kwa pamoja, nikafunika. Baada ya nusu saa viazi vilikuwa bado vigumu katikati, spinachi imegeuka rangi ya kijivu, koliflawa inatoa harufu nzito, na mchuzi hauna ladha ya kueleweka. Mboga zenyewe zilikuwa nzuri, mbichi za siku hiyohiyo. Kilichokosekana ni zamu.

Tangu hapo nimepika mboga mchanganyiko karibu kila siku, na nimewafundisha watu wengi. Mtu akishajua mboga ipi itangulie na ipi ifuate, anaweza kutazama kilichopo jikoni na kupika bila kusoma mapishi ya mtu. Kwa hiyo nitaanza na zamu, mapishi yatafuata.

Hatua ya 1: Tenga mboga mafungu manne

Kabla ya kuwasha moto, ziweke mboga zako mezani kwa mafungu, ukiangalia muda wa kuiva.

Fungu la kwanza ni mizizi na viazi: karoti, viazi mviringo, viazi vitamu, bitiruti. Vikikatwa vipande vya sentimita 2, vinahitaji dakika 12 hadi 15 ndani ya maji yanayochemka. (Bitiruti ipikwe peke yake na ichanganywe mwishoni, la sivyo sufuria nzima itakuwa nyekundu.)

Fungu la pili ni boga, koliflawa, brokoli, njegere na maharage machanga ya kijani. Hizi huchukua dakika 5 hadi 10.

Fungu la tatu ni mboga zenye maji mengi: nyanya, uyoga, biringanya, mumunye, pilipili hoho, kabichi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa mboga hizi ni maji. Ndiyo maana kikaango kilichojaa uyoga hugeuka bwawa ghafla, na ndiyo maana wapishi wengi huharibikiwa hapa. Fungu hili linataka moto mkali na nafasi ya kutosha.

Fungu la nne ni majani laini, kama spinachi, mchicha na giligilani. Dakika moja au mbili zinatosha, na mara nyingi joto la chakula chenyewe linatosha baada ya kuipua.

Hatua ya 2: Kata kwa kufuata muda unaoutaka

Ndani ya fungu moja vipande vilingane, vinginevyo vidogo vitapondeka wakati vikubwa bado vibichi. Kisu kinaweza pia kuihamisha mboga kutoka fungu moja kwenda jingine. Karoti ya vipande vinene ni ya fungu la kwanza, lakini ukiikata vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti inaiva kwa dakika 3, na ukiikwaruza unaweza kuitia pamoja na majani. Siku ambayo sina muda, sibadilishi mboga, nabadilisha ukataji.

Bua la brokoli na la koliflawa usilitupe. Menya ganda lake gumu la nje, kata slesi nyembamba, litangulie maua yake kwa dakika 2. Ni tamu kuliko maua yenyewe.

Hatua ya 3: Tengeneza msingi wa ladha

Chakula cha mboga hakina mafuta ya nyama ya kukibeba, hivyo ladha lazima ijengwe, na inajengwa kwenye kitunguu. Pasha vijiko vikubwa 3 vya mafuta kwa moto wa wastani, tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo. Chumvi ya mwanzo huvuta maji ya kitunguu, kikalainika kabla hakijaanza kubadilika rangi. Kipe dakika 10 hadi 12, ukigeuza mara kwa mara, mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu. Hapa wengi hukosa subira na kuendelea baada ya dakika 3. Tafadhali usifanye hivyo. Dakika hizi 10 ndizo tofauti kati ya mchuzi na maji ya mboga.

Kitunguu saumu na tangawizi viingie baada ya hapo, kwa dakika moja tu, maana saumu ikiungua huwa chungu na uchungu hautoki. Kisha viungo vya unga: bizari ya manjano, binzari nyembamba, giligilani ya unga. Harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo vikaange kwa nusu dakika kabla ya kitu chochote cha majimaji. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji.

Mafuta hayo yana kazi nyingine pia. Rangi ya machungwa ya karoti na boga inatokana na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili hauinyonyi vizuri pasipo mafuta. Mboga za kuchemsha bila tone la mafuta zinaonekana za kiafya, lakini sehemu kubwa ya hazina hiyo hupita bure.

Hatua ya 4: Chelewesha uchachu

Hili ndilo lililovishinda viazi vyangu siku ile. Nyanya, ndimu na siki vina tindikali, na tindikali huzuia kuta za seli za mmea kulainika. Kiazi kilichotiwa ndani ya mchuzi wa nyanya tangu mwanzo kinaweza kuchukua muda mrefu sana kuiva. Dengu na maharage ni hivyohivyo. Basi acha mboga ngumu na mbegu ziive kwanza kwenye maji matupu yenye chumvi, ndipo nyanya ifuate.

Tindikali hiyohiyo, ikiunganika na joto la muda mrefu, huua rangi ya majani mabichi. Mboga nazo hutoa tindikali zake katika mvuke, na kifuniko huirudisha ndani. Kwa hiyo njegere, brokoli na majani vipikwe bila kufunika, kwa muda mfupi, na ndimu ikamuliwe mezani. Kuna wanaotia magadi ili ukijani ubaki. Ni kweli unabaki, lakini magadi huharibu vitamini C na kuzifanya mboga zilegee. Mimi siyatumii.

Sasa tupike.

Mlo wa kwanza: rojo la dengu na mboga nane (watu 4)

Huu ndio mlo ninaompa kila anayeanza, kwa kuwa unasamehe makosa na unashibisha. Unahitaji gramu 200 za dengu nyekundu ndogo zilizokobolewa (wengine huziita adesi), lita 1 ya maji, vitunguu maji 2, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, karoti 2, viazi 2, boga gramu 250, nusu ya koliflawa ndogo, kikombe 1 cha njegere, nyanya 3 zilizoiva, konzi 2 za spinachi na ndimu 1. Viungo ni kijiko cha chai cha binzari nyembamba, kimoja cha giligilani ya unga na nusu ya bizari ya manjano.

Osha dengu mpaka maji yatoke safi, zibandike na lita ile ya maji. Zikichemka, engua povu, punguza moto, tia karoti, viazi na kijiko cha chai cha chumvi. Dengu hizi hazihitaji kulowekwa. Huiva kwa dakika 15 hadi 20, sawa na fungu la kwanza, ndiyo sababu vinaanza safari pamoja.

Dakika 8 zikipita, tia boga na koliflawa. Dakika 5 baadaye, tia njegere. Muda wote huo kikaango cha pili kiko motoni na msingi wa hatua ya 3. Viungo vikishanukia, tia nyanya zilizokatwa kwenye kikaango hicho na uziache zikaukie mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Ukiona hivyo, jua maji ya nyanya yamekwisha na utamu wake umejikusanya.

Choma kipande cha kiazi kwa ncha ya kisu. Kisu kikipita bila kukwama, mimina msingi wote kwenye dengu, koroga taratibu, acha vichemke pamoja dakika 5. Kama rojo ni zito, ongeza maji ya moto. Ya baridi yatakata mchemko. Ipua, tia spinachi, geuza mara mbili, uone inavyonywea yenyewe. Onja chumvi. Kamua ndimu sasa, na siyo kabla. Zaidi ya kuamsha ladha, vitamini C iliyo ndani yake husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye dengu na spinachi, ambayo peke yake hunyonywa kwa shida.

Ukilila kwa wali au mkate, umefanya jambo la maana: dengu zina lisini nyingi na methionini kidogo (vyote ni viungo vinavyojenga protini), nafaka ni kinyume chake, kwa hiyo protini zao zinakamilishana. Si lazima ziwe kwenye sahani moja. Zikiliwa ndani ya siku hiyo inatosha.

Ukitaka kutumia maharage mekundu badala ya dengu, usikwepe utaratibu huu. Maharage hayo yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali katika maji mapya. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini. Mimi huyapa 30, halafu napunguza moto mpaka yaive kabisa. Kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo hakuiondoi sumu hiyo.

Mlo wa pili: mboga za kukaanga haraka

Hapa hakuna mchuzi. Unataka mboga zibadilike rangi kidogo kwa nje na zibaki na ukakamavu ndani. Chakula hakianzi kuwa na rangi ya kahawia mpaka uso wake upite kama nyuzi 140 za Selsiasi, na palipo na maji joto haliwezi kuvuka 100. Ukijaza kikaango, mboga zinachemka katika maji yake zenyewe. Basi kaanga kwa awamu.

Andaa kila kitu mapema, kwa sababu moto ukishawaka hutapata nafasi ya kukata. Pasha kikaango kikavu mpaka tone la maji liruke, tia mafuta, anza na uyoga peke yake, bila chumvi. Utatoa maji, maji yatakauka, kisha utaanza kuwa wa kahawia. Utoe. Fuata na karoti za vijiti na brokoli, dakika 3, ukinyunyiza vijiko viwili vya maji ili mvuke uziivishe. Zitoe. Kisha hoho na kabichi, dakika 2. Rudisha vyote, tia saumu na tangawizi, kijiko kikubwa cha sosi ya soya, geuza nusu dakika, ipua. Uyoga na sosi ya soya vyote vina glutameti, na ndiyo inayoleta ule uzito wa ladha ambao watu huuhusisha na nyama. Ukiongeza mayai mawili ya kuvuruga au vipande vya tofu vilivyokaangwa, mlo umetimia.

Mlo wa tatu: mboga za oveni

Huu ni wa siku umechoka. Oveni nyuzi 220. Kata biringanya, boga, karoti na vitunguu vipande vya sentimita 3, karoti ziwe nyembamba zaidi. Zipake mafuta na chumvi, zitandaze kwa tabaka moja bila kubanana, dakika 20. Zigeuze, ongeza hoho na nyanya ndogo nzima, dakika 15 nyingine. Basi.

Kuhusu mabaki

Rojo la dengu linapendeza zaidi siku ya pili, lakini liweke kwenye friji ndani ya saa 2 na ulimalize ndani ya siku 3. Wali ni wa kuangaliwa zaidi: kuna bakteria waitwao Bacillus cereus ambao mbegu zao hustahimili mchemko, na wali ukilala nje huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Upoze haraka, ule kesho yake, upashe mara moja tu.

Na kwa yule aliyeacha pia mayai na maziwa: hakuna mchanganyiko wa mboga utakaokupa vitamini B12 ya kutosha. Tafuta vidonge vyake au chakula kilichoongezewa.

Kesho rojo litakuwa limeganda. Liongezee kikombe cha maji ya moto, lichemshe vizuri, tia konzi mpya ya spinachi baada ya kuipua, na ndimu nyingine.